Walisema Kontroboksi Imekufa

Tangu nirudi, kila anayeleta redio kibandani kwangu anabaki kwenye benchi baada ya kuikabidhi. Hamuulizi redio itakuwa tayari lini. Mnauliza ilikuwaje Dar. Kila mmoja nimempa kipande, na sasa nasikia vipande vyenyewe vinatembea mjini vikiwa vimeota mikia: eti tulilala garini siku tatu, eti dada yangu alifika Ilala kwa miguu, eti nilipigana na fundi. Sikupigana na mtu. Naandika yote hapa, kituo kwa kituo, na anayetaka kubisha abishe akiwa amesoma.

Kwa wale ambao hawatujui, mimi ni Mwanahawa, fundi redio hapa sokoni Songea, mwaka wa thelathini sasa. Zaina ni dada yangu, amenizidi miaka saba, ana sitini na moja. Mume wake alifariki zamani akamwachia watoto wanne, na mkubwa wao ni Hamisi. Mzee Shomari ni mjane wa Ilala aliyekuwa akija huku kununua maharage. Mwaka jana alimposa Zaina. Watoto wakakataa. Wakasema mama yao ni mtu mzima, na mzee yule anatafuta mpishi na muuguzi. Zaina aliwasikiliza mpaka wakamaliza, kisha akawaambia ndoa ni Ijumaa baada ya swala, nyumbani kwa Mzee Shomari, na kwamba yeye anaenda na mimi kwa gari langu. Kaka yetu wa Tanga, ambaye ndiye walii wake, msimamizi wake wa ndoa, alisharidhia na kumpa uwakala shekhe wa Ilala. Kilichobaki kilikuwa barabara.

Songea hadi Iringa

Jumanne asubuhi Hamisi alikuja akasimama mbele ya boneti, mikono mfukoni. Hakuaga na hakuzuia. Alisema tu kwamba gari hili halitafika. Zaina akateremsha kioo, akampa funguo za nyumba, akamkumbusha kuku wanakula saa ngapi, akapandisha kioo. Mimi nikatia gia.

Njombe tulikuta ukungu mzito, tukaenda mwendo wa konokono nyuma ya lori la mbao kwa saa nzima. Zaina alikuwa amefunga vitumbua kwenye taulo ili visipoe, tukala tukiendesha, yeye ananilisha kama mtoto kwa sababu mikono yangu haikuthubutu kuacha usukani. Hakuzungumza habari za ndoa hata mara moja. Alizungumza kuhusu bei ya viazi vya Makambako.

Nyumba ya wageni tuliyolala Iringa, mhudumu alisikia kwamba tunaenda harusini. Akanipongeza mimi kwa kumwoza binti, akamwambia Zaina kuwa ni baraka kubwa kuishi mpaka kuona ndoa ya mjukuu. Zaina akamjibu, "Bibi harusi ni mimi." Yule kijana akacheka, akatazama kama na sisi tunacheka, akaona hatucheki. Asubuhi alituletea chai ya maziwa ambayo hatukuagiza, akaiweka mezani bila kutuangalia usoni.

Iringa hadi Morogoro

Mlima Kitonga ulitushikilia mpaka saa saba mchana kwa sababu ya lori lililokwama kwenye kona. Watu waliteremka, wakanunua vitunguu, wakajadiliana nani wa kulaumiwa. Tuliposhuka bondeni joto lilikuwa kali, na nikadhani taabu ya siku hiyo imekwisha.

Katikati ya mbuga ya Mikumi, twiga wakiwa upande wa kushoto, gari likazimika. Nataka mnielewe vizuri hapa, kwa kuwa ndipo kila kitu kilipoanzia. Gari lililoishiwa mafuta hukohoa kwanza, huvuta na kulegea. Hili lilikatika kama redio iliyochomolewa ukutani. Taa zote za dashibodi zikazima, zikawaka, zikazima, nasi tukaserereka kimya huku basi la nyuma likipiga honi. Kushuka hakuruhusiwi pale, na hata ungeruhusiwa usingeshuka. Nikazungusha ufunguo mara ya pili, likawaka kana kwamba hakuna kilichotokea.

Morogoro fundi wa pembeni mwa barabara aliniambia ni mafuta machafu. Nilimwambia mafuta machafu hayazimi taa za dashibodi. Akasema basi ni betri. Betri nilishaipima kwa mita yangu, ambayo haikosekani kwenye mkoba, na ilikuwa nzima. Tukala wali na samaki, tukalala, na sikumwambia Zaina kwamba usingizi haukunijia.

Bondeni Jangwani

Alhamisi tuliingia Dar kabla ya adhuhuri. Tungeweza kukata kulia Magomeni twende Ilala moja kwa moja, lakini Zaina alitaka kupita Kariakoo akanunue kanga za kuwapa wifi zake wapya. Hakutaka kuingia nyumba ya watu mikono mitupu. Kwa hiyo tukateremka Jangwani, na wingu nalo likateremka pamoja nasi.

Gari lilikatika pale chini kabisa, hatua chache kabla ya daraja. Safari hii halikuwaka tena. Nilizungusha ufunguo, starta ikazunguka kwa nguvu zote, lakini injini haikushika. Taa ya injini, ile ya manjano ambayo huwaka ukifungua swichi, ilikuwa imekufa kabisa. Mvua ikaanza.

Walikuja wanaume watatu wenye jezi wakitoka upande wa klabu yao. Kabla ya kugusa gari walitaka kujua sisi ni wa timu gani. Niliona huu ndio mtihani, nikasita. Zaina akawaambia yeye ni shabiki wa timu inayosukuma. Wakacheka, wakasukuma mpaka pembeni, na mmoja wao akampigia simu mwenye kirikuu, vile vigari vidogo vya mizigo, aje atuvute kwa kamba.

Tulimsubiri chini ya mwavuli wa mama mmoja aliyekuwa akiuza mihogo ya kukaanga. Alitupa mihogo yenye pilipili na kachumbari, akatuonyesha jiwe lililokuwa kwenye mtaro. Alisema maji yakilifunika jiwe lile, yeye anafunga biashara, na sisi tuache gari tupande juu. Alisema bila hofu yoyote, kama mtu anayekutajia saa. Nilikula nikilitazama lile jiwe. Maji yalikuwa yamefika katikati yake kirikuu ilipotokea.

Ilala

Gereji tuliyopelekwa ipo uchochoroni, mtaa wa tatu kutoka nyumbani kwa Mzee Shomari. Mwenyewe anaitwa Fundi Athumani, mtu mzima, mpole wa sauti, mikono yake misafi kuliko ya mafundi wote niliowahi kuona. Alichomeka skana, ile mashine inayozungumza na kompyuta ya gari. Mashine ikatafuta, ikatafuta, ikaandika kwamba hakuna mawasiliano. Akaichomoa, akaichomeka tena. Vilevile. Akafuta mikono, akatamka hukumu: kontroboksi imekufa, na dawa ya kontroboksi ni kontroboksi nyingine. Ndivyo mafundi wanavyoiita kompyuta ya injini, ile inayoamua lini petroli inyunyizwe na lini plagi zipige cheche.

Nikamwuliza kama amepima umeme unaoingia kwenye hiyo kontroboksi. Akaniuliza mimi ni nani. Nikamwambia fundi redio. Waliokuwa pale wakatabasamu, na mmoja akanikumbusha, kwa adabu, kwamba hii si redio, mama.

Nikatoa mita yangu. Nikaomba soketi ya kontroboksi, akaichomoa, nikagusa waya mmoja wa umeme na mwingine wa kurudi. Mita ikasoma volti kumi na mbili na ushee. Nzima kabisa. Fundi Athumani hakunicheka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Alisema taratibu, "Umeona mwenyewe, mama. Umeme upo. Mwenye nyumba ndiye hayupo." Nikarudisha mita mkobani mbele ya watu wote.

Wakati huo Hamisi akapiga simu. Zaina alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki na bakuli la supu mapajani, akaweka simu sauti ya nje kwa kuwa masikio yake yanamsumbua. Sote tukasikia. Zaina alishampasha habari tukiwa Jangwani, naye Hamisi akamwambia gari limekataa mbugani, limekataa mjini, sasa mama anataka ishara gani nyingine. Zaina aliacha kijiko ndani ya bakuli. Nilimwona akiangalia supu. Kwa mara ya kwanza tangu tuondoke nilidhani atasema turudi.

Akasema, "Mwanangu, gari likiharibika ni gari limeharibika." Akakata simu, lakini supu hakuimaliza.

Mzee Shomari alifika muda si mrefu, kanzu imelowa pindoni, mwavuli mkononi. Nilimwamkia, akaitikia, akatupa pole. Alikuwa ameshapata gari la jirani yake la kutuchukua, na kesho atatuma gari jingine limtoe bibi harusi mahali tutakapolala, limfikishe nyumbani kwa heshima. Ni mtu muungwana, sikuona kosa katika alichosema. Zaina ndiye aliyetikisa kichwa. Alisimama, akaniambia mimi, ingawa maneno yalikuwa ya Mzee Shomari na nadhani ya Hamisi pia:

"Nikiwa na miaka kumi na saba nilipandishwa juu ya magunia kwenye lori, nikapelekwa kwa mume. Hakuna aliyeniuliza. Safari hii sipelekwi. Naenda."

Mzee Shomari akafunga mwavuli wake ingawa mvua ilikuwa bado inanyesha. Akasema basi, atakaa nyumbani asubiri, na mlango utakuwa wazi. Akaondoka hivyo, akilowa.

Baada ya hapo ningewezaje kukubali kwamba gari limekufa?

Buguruni

Fundi Athumani alisema Buguruni kuna mtu mwenye kontroboksi iliyotumika ya gari kama langu. Tulienda kwa bajaji, mimi na yeye. Mvua ilikuwa imekatika na pale kwenye njia panda palikuwa na kila kitu: mananasi yaliyokatwa, viti vya magari, milango, taa za mbele zimepangwa kama macho ya samaki. Muuzaji alitoa boksi la bati lenye ukubwa wa kitabu, likiwa limefungwa na mkanda mwekundu wa plastiki.

Nikamwomba tukaijaribu kwanza. Akasema haijaribiwi, ukikata mkanda umeinunua. Nikamwuliza, nikiikata na ikaonekana ubovu haupo kwenye kontroboksi? Akasema, "Utakuwa umejua." Fundi Athumani akatikisa kichwa kukubali, kana kwamba hilo ni jibu.

Nikafikiria jambo moja tu. Kontroboksi ya kwanza ilikuwa ikikatika na kurudi, tangu Mikumi. Kitu kilichokufa hakirudi. Kinachorudi kina njaa. Nikasema sinunui.

Fundi alikasirika kwa namna yake ya upole, na upole huo ulidumu njia nzima ya kurudi. Alisema yeye ana miaka ishirini kwenye kazi, alisema skana haina chuki na mtu, alisema mteja asiyemwamini fundi basi akatengeneze gari lake mwenyewe. Nikamjibu kwamba ndilo ninalomwomba. Anipe kona ya gereji na benchi, mpaka saa sita kesho. Nikishindwa, nitamkabidhi gari na ufunguo, afanye atakalo. Bajaji iliposimama alimlipa dereva. Kisha akasema kona ipo, lakini nisiguse skana yake.

Tulilala kwa mpangaji mmoja wa Mzee Shomari, mwanamke mkarimu aliyempaka Zaina hina mikono na miguu. Mimi nilikula pilau nikaingia kulala.

Kariakoo

Ijumaa asubuhi nilikwenda Kariakoo peke yangu, kanga za wifi zikiwa moyoni na rilei kichwani. Rilei ni swichi ndogo inayopeleka umeme kwenye kontroboksi ukifungua ufunguo. Niliamua nianze kwa kuibadilisha hiyo kwa kuwa si ghali, na mtu asiyejua huanza na kisicho ghali.

Nilimwuliza mzee mmoja aliyekuwa akiuza tasbihi, rilei zinapatikana wapi. Akanielekeza kwa uhakika mkubwa: nyoosha, pinda, nyoosha tena, utaona geti. Nikatembea robo saa jua likinichoma, nikatokea kwenye njia za garimoshi. Mlinzi wa getini akaniambia treni ya Dodoma ilishaondoka. Mzee wa watu alisikia "reli". Nilicheka peke yangu mpaka mlinzi akanionea huruma, akanionyesha kibanda cha juisi ya miwa. Nikanywa glasi mbili zenye tangawizi na ndimu, muuza juisi ndiye aliyenielekeza mtaa wa vipuri.

Duka nililoingia ni la mwanamke wa Moshi, wateja wanamwita Mama Neema. Alikuwa akihudumia watu wanne kwa pamoja na kumkemea wa tano. Wakati nasubiri zamu yangu, mwanamume mmoja alileta betri ya pikipiki akidai imeuzwa mbovu. Akaipima kwa mita pale kaunta, akamwonyesha Mama Neema namba. Mama Neema hakuitazama mita. Alichukua taa ya indiketa iliyoungwa nyaya mbili, akagusisha kwenye betri. Taa ikawaka hafifu, ikafifia, ikazima.

Akasema, "Mita hainywi. Ukitaka kujua kisima kina maji, leta ng'ombe."

Wana Songea wenzangu, niliona aibu pale kaunta. Miaka thelathini nimewaambia nyie maneno hayohayo mkiniletea mawe ya redio, zile betri ndogo. Mnasema mawe ni mapya, mita inasoma vizuri, mbona redio haiimbi? Nami nawajibu kwamba mita hugusa tu, redio ndiyo inayokula, tuone ikianza kula kama chakula kipo. Najua hivyo usingizini. Lakini walipotabasamu na kuniambia hii si redio, niliwaamini. Nikapima kontroboksi kwa kuigusa tu, bila kitu cha kuula umeme, kisha nikanyamazishwa na namba yangu mwenyewe.

Sikununua rilei. Nilinunua taa ya indiketa, soketi yake na nyaya mbili. Mama Neema aliniuliza ni ya upande upi, kulia au kushoto. Nilipomwambia sio ya kufunga, ni ya kuulizia maswali, hakuelewa, akadhani nimechoka na jua, akaniwekea kiti. Nilikaa dakika moja kwa heshima. Kisha nikapita mtaa wa pili nikachukua kanga, doti sita, bila kuchagua rangi.

Ilala tena

Saa nne na nusu nilikuwa nimelala chali chini ya dashibodi. Fundi Athumani alikuwa akifanya kazi kwenye gari jingine, mgongo kwangu.

Nikafungua swichi. Nikaunganisha taa yangu baina ya waya unaoleta umeme kwenye kontroboksi na ncha hasi ya betri yenyewe. Ikawaka nyeupe, kali, ikaniumiza macho. Kwa hiyo fyuzi ni nzima, rilei ni nzima, umeme unaingia na una nguvu. Kisha nikauacha waya uleule wa kwanza, lakini upande wa pili nikauhamisha kutoka kwenye betri nikauweka kwenye waya wa kontroboksi wa kurudishia umeme. Taa ikawa kama ncha ya udi unaokaribia kwisha.

Nikarudia mara tatu. Kisha nikamwita Fundi Athumani. Alikuja, akainama, nikamwonyesha mara ya nne. Kwenye betri, kali. Kwenye waya wa kurudi, hafifu. Akakaa kwenye kizingiti cha mlango wa gari.

"Umeme unaingia," akasema, "hauna pa kutokea."

Akachukua tochi mwenyewe. Tuliufuata waya huo pamoja, kutoka kwenye soketi, ukapita ukutani mwa injini, ukatokea nyuma ya taa ya kushoto, ambako umefungwa kwa bolti kwenye bodi ya gari. Bolti ilikuwa imekaza. Akaifungua. Chini ya pete ya waya palikuwa pamepakwa rangi, kijani mpya inayong'aa, nene kama siagi.

Rangi hiyo naijua. Wiki mbili kabla ya safari nilipeleka gari kupakwa rangi upya, ili dada yangu asifike ukweni na gari lenye kutu. Fundi wa rangi alifungua bolti, akapuliza rangi, akarudisha waya juu yake. Rangi haipitishi umeme. Waya ulikuwa ukigusa chuma kwenye mikwaruzo ya bolti tu, na mtikisiko wa barabara na joto vikaimaliza hiyo mikwaruzo kidogokidogo, mpaka Jangwani. Ubovu niliununua mimi, kwa mapenzi. Nilimweleza Fundi Athumani hivyo hivyo. Nilishakuwa na ukaidi wa kutosha juma lile, sikuona sababu ya kuukaidi na ukweli.

Alikwangua rangi kwa msasa mpaka chuma kikawa cheupe, akakaza bolti. Nikachomeka kontroboksi ileile. Nikafungua swichi, na taa ya manjano ikawaka. Nikazungusha ufunguo, injini ikashika mara moja.

Waliokuwepo gereji wakasogea. Fundi Athumani alichomeka skana yake, ikasoma kila kitu mpaka joto la maji. Aliitazama kwa muda mrefu, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba kwenye stoo yake kuna kontroboksi kumi na moja alizowatolea watu akiamini zimekufa. Aliniomba nimwachie ile taa ya indiketa. Nikampa.

Zaina alikuwa tayari tangu saa tatu. Alitoka na gauni la rangi ya zambarau, hina imekolea, pochi mkononi, akaketi kiti cha mbele. Ni mitaa mitatu tu, mtu mwenye haraka angetembea. Tuliendesha. Mzee Shomari alikuwa amesimama mlangoni na mlango, kama alivyosema, ulikuwa wazi. Dada zake wakatupokea kwa vigelegele, wakapokea kanga, na mmoja akauliza kwa nini zote sita ni rangi moja. Nikasema ndiyo desturi ya Songea. Zaina aliniangalia kwa jicho la pembeni lakini hakunikanusha.

Baada ya swala wanaume walikaa barazani na wanawake chumbani. Shekhe alikuja mpaka kwenye pazia kumwuliza bibi harusi. Shangazi mmoja wa upande wa bwana harusi akamnong'oneza Zaina ainamishe kichwa tu, kwamba kunyamaza ni kukubali. Shekhe alisikia, akasema huko nje kwamba hiyo ni kwa mwari. Mjane husema.

Zaina akasema, "Nimekubali. Nimekuja mwenyewe na nimekubali." Hakulisema kwa chumba. Alilisema kwa baraza, na pengine kwa uchochoro mzima, maana nilisikia gereji ya mtaa wa tatu wakigonga nyundo na wakaacha.

Kurudi Songea

Niliondoka Jumapili peke yangu. Zaina alinifungia sambusa kwenye taulo lile la vitumbua, na hakulia mpaka nilipowasha gari. Mikumi nilipita mwendo wa taratibu bila gari kukatika. Iringa yule mhudumu aliniuliza bibi yuko wapi. Nikamwambia yuko kwake.

Jumatatu jioni, kabla jua halijazama, nilimkuta Hamisi ameketi kwenye ngazi ya nyumba yangu. Alizunguka gari, akagusa boneti, ilikuwa ya moto. Nilisubiri aseme nilikuwa na haki gani. Nilikuwa na majibu ya kila aina, niliyatunga tangu Makambako.

"Mama mdogo," akasema, "alikuwa na furaha?"

Sikuwa nimetunga jibu la hilo. Nilitaka kumwambia kuhusu sauti iliyotoka nyuma ya pazia, kuhusu mzee aliyefunga mwavuli kwenye mvua. Lakini hayo si yangu kuyagawa kwa mtoto wake, na mimi si simu ya mtu.

Nikamwambia akamwulize mwenyewe. Basi la Dar linaondoka alfajiri.